Ujira, Kibanja na Mafao: Mafiga Matatu ya Nyumba ya Mfanyakazi

Ukimwuliza mtu habari za hali ya mfanyakazi, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: mshahara. Ukiwa mkubwa, husema kwamba mtu huyo ameneemeka. Ukiwa mdogo, husema kwamba ana taabu. Jibu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Chungu hakikai juu ya figa moja. Nyumba ya mfanyakazi nayo husimama juu ya mafiga matatu: ujira aupatao kwa kazi yake, pato la jamaa yake nyumbani, na mafao anayowekewa na sheria kwa siku za ugonjwa, uzazi, ajali na uzee. Figa moja likitikisika, chungu huinama, na chakula cha watoto humwagika.

Leo twalitazama jambo hili katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa na kuwa wilaya yake yenyewe. Tumezichagua kwa sababu huko mafiga yote matatu yaonekana wazi. Wako walimu, wauguzi na makarani wa Kayanga, wenye mshahara wa mwezi. Wako vibarua wa kupalilia migomba na kuchuma kahawa, wachungaji wa ng'ombe, na wachimbaji wa madini ya bati huko Kyerwa. Na karibu kila mmoja, awe mwalimu au kibarua, hutegemea pia kibanja cha migomba, maharage na kahawa, ama chake mwenyewe, ama cha wazee wake.

FIGA LA KWANZA: UJIRA

Katika Tanzania Bara, kima cha chini cha mshahara huwekwa na Serikali. Kwa watumishi wa umma kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi hadi mwaka 2022, kikapandishwa kuwa 370,000, na kuanzia Julai 2025 kimekuwa 500,000. Kwa sekta binafsi hutolewa amri ya mishahara, yenye kiwango chake kwa kila aina ya kazi. Amri ya mwaka 2013 ilimwekea mfanyakazi wa kilimo shilingi 100,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kilikaa vile vile kwa miaka tisa na nusu, hadi Januari 2023, kilipokuwa 140,000. Tena mwezi Oktoba 2025 ilitangazwa amri nyingine, ya kuanza tarehe 1 Januari 2026, iliyopandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322.

Hapa pana somo la kwanza. Mshahara una hesabu mbili: hesabu ya noti na hesabu ya vitu. Mfanyakazi wa shamba aliyelipwa shilingi 100,000 mwaka 2013, akalipwa 100,000 zile zile mwaka 2022, kwa hesabu ya noti hakupunguziwa hata senti. Lakini sabuni, mafuta ya taa, madaftari na nauli havikumngojea. Kwa hesabu ya vitu, ujira wake ulikatwa kila mwaka, wala hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana haitoshi kuuliza, "Unalipwa kiasi gani?" Yatupasa kuuliza pia, "Fedha hiyo yanunua nini?"

Tufanye hesabu kwa mfano. Chukua nyumba ya watu sita, baba, mama na watoto wanne, wakati kiwango cha kilimo kilipokuwa shilingi 140,000. Baba ameajiriwa kwa mwezi. Akikatwa asilimia 10 ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, abakiwa na 126,000. Gawanya kwa watu sita, kisha kwa siku thelathini: ni shilingi 700 kwa mtu mmoja kwa siku. Sasa tuseme jirani yake ni kibarua, hulipwa 5,000 kwa siku, na mwezi huo amepata kazi siku 15 tu. Pato lake ni 75,000. Kwa nyumba ya watu sita, haifiki shilingi 420 kwa mtu kwa siku. Ujira wa siku wa watu hawa wawili hautofautiani sana, maana 140,000 kwa siku 26 za kazi ni kama 5,385. Kinachowatenga hasa ni idadi ya siku za kazi. Mwenye kazi ya kudumu ajua mwisho wa mwezi atapata nini. Kibarua hajui hata habari za kesho.

Wengine husema: "Basi mishahara ipandishwe mara moja, mambo yaishe." Neno hilo lataka busara. Nchi yetu iliwahi kuliona jambo hili mapema. Baada ya kamati ya Donald Chesworth kutoa taarifa yake mwaka 1962, viwango vya chini vya ujira vilipandishwa. Kabla ya hapo, mashamba makubwa yalizoea kumlipa mtu kana kwamba hana mke wala watoto, kwa kisingizio kwamba jamaa yake inakula shambani kwao. Kupandisha ujira lilikuwa jambo la haki. Walakini katika mashamba ya mkonge watu wengi walipunguzwa kazini katika miaka iliyofuata, kwa kuwa wenye mashamba walitafuta njia za kutumia watu wachache, na bei ya mkonge duniani nayo ilianguka. Hivyo ujira wa haki wahitaji pia kazi yenye faida ya kuulipa.

FIGA LA PILI: KIBANJA

Karagwe na Kyerwa mtu anayelipwa kidogo hafi njaa upesi, kwa sababu ya mgomba. Ndizi na maharage visivyonunuliwa sokoni ni pato, ingawa havipiti mkononi kama noti. Na pato hilo kwa sehemu kubwa hutokana na jembe la mama wa nyumba, ambaye hatajwi katika orodha yoyote ya mishahara. Mume arudipo na shilingi 126,000, akadhani yeye peke yake ndiye anayelisha nyumba, na ahesabu tena: chakula cha nyumbani kingenunuliwa kwa bei ya soko, kiasi gani kingebaki?

Lakini kibanja nacho kina hatari zake. Mnyauko wa migomba ulioingia Kagera mwaka 2006 ulionyesha jinsi figa hili linavyoweza kuvunjika kwa ugonjwa mmoja. Tena bei ya kahawa haiko mikononi mwa mkulima. Mwaka 2024 kahawa ya mkoa iliuzwa kwa minada, na kilo ya maganda ikazidi shilingi 3,000, kiasi kilichopita mbali bei za miaka michache ya nyuma. Minada ilisaidia kuwashindanisha wanunuzi. Lakini sababu kubwa ilikuwa mbali, kwani ukame wa Vietnam ulipunguza kahawa ya robusta ulimwenguni. Bei iliyopanda kwa ukame wa wengine yaweza kushuka mvua yao ikirudi. Mwenye hekima hajengi maisha yote juu ya msimu mmoja mwema.

Na hatari iliyo mbaya kuliko zote twaijua kwa jina lake: butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini. Tuseme mtoto ameugua wakati wa maua. Baba ahitaji shilingi 100,000, naye hana. Aja mtu mwenye fedha, apatana naye kilo 100 za kahawa kwa 1,000 kila kilo. Wakati wa mavuno kilo ni 3,000. Baba apokea 100,000 na kuacha 300,000. Ule msaada umemgharimu shilingi 200,000 katika miezi michache. Hapana benki yenye riba ya namna hiyo.

FIGA LA TATU: MAFAO

Watu wengi hudhani mafao ni sadaka ya Serikali. Sivyo. Mengi ni ujira wa mfanyakazi mwenyewe uliowekwa akiba, pamoja na fungu ambalo mwajiri awajibika kulitoa kwa sheria. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana mwaka 1964, ndio mwaka uliotungiwa sheria ya Mfuko wa Akiba wa Taifa, uliompa mtu akiba yake mara moja. Mwaka 1997 ilitungwa sheria ya NSSF, yenye pensheni ya kila mwezi. Katika sekta binafsi mchango wa kawaida ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Kwa mtu wetu wa shilingi 140,000, hukatwa 14,000, na mwajiri huongeza 14,000. Asiyeandikishwa amepoteza 14,000 kila mwezi bila kujua. Na ili kustahili pensheni ya uzee hutakiwa michango ya miezi 180.

Uko pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, ambao mchango wake hutoka kwa mwajiri peke yake. Mtu akiumia shimoni Kyerwa kwa kazi ya mwajiri wake, fidia ni haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo yampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mama mzazi siku 84 zenye malipo. Kwa nyumba zilizo maskini kabisa uliwekwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ulioanza mwaka 2012 na kufikia kaya zaidi ya milioni moja nchini. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Je, fedha ndogo za namna hii zafaa kitu? Tutazame jirani, Wilaya ya Muleba. Huko Nshamba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo, wengi wao wakiwa mabibi waliowalea wajukuu yatima. Watu walipochunguza matumizi, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008, walikuta fedha zimekwenda kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule. Zanzibar ilianza pensheni kwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016. Kumbe fedha ya mzee huwa chakula cha mjukuu, na mfanyakazi mwenye wazazi hupunguziwa mzigo.

MAFIGA HUTEGEMEANA

Sasa turudi kwa yule baba wa butura. Ni nini kilichomfikisha pale? Si uvivu. Ujira wake haukuacha akiba, naye hakuwa na bima siku mtoto alipougua. Figa la kwanza na la tatu yalikuwa dhaifu, basi uzito wote ukaliangukia la pili, nalo likatoa kahawa ya mwaka mzima. Mwaka ujao ataanza na upungufu, atakwenda kufanya kibarua siku ambazo angepalilia chake, na mavuno yatapungua. Ndivyo umaskini unavyojizaa.

Ndiyo sababu Papa Leo XIII, mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira haupaswi kupungua chini ya kile kinachomtosha mfanyakazi mwenye kiasi kuishi, hata kama yeye mwenyewe amekubali kidogo kwa sababu ya shida. Mwaka 1931 Papa Pius XI alisisitiza kwamba jamaa nzima ihesabiwe. Maana makubaliano ya mwenye njaa na mwenye shibe si makubaliano ya watu walio sawa.

YATUPASAYO

Mwajiri wa Karagwe mara nyingi si tajiri wa kampuni, bali mkulima mwenzake aliyeajiri watu wawili watatu. Hata hivyo awiwa mambo yaliyo wazi: apatane ujira kabla ya kazi, asiushushe chini ya kiwango cha sheria, alipe siku waliyoafikiana, na alipe kwa fedha, si kwa rubisi. Mtu aliyevuka mpaka kutoka Burundi au Rwanda kutafuta kazi asinyimwe ujira kwa kutishwa kwamba ataripotiwa. Jasho lake halikosi haki kwa kukosa karatasi.

Mfanyakazi naye aombe mkataba wa maandishi, atunze hati za malipo, na aulize kama michango yake inapelekwa. Akiachishwa kazi bila haki, alipeleke shauri kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Kwa madai mengine, kama ya ujira, siku ni 60. Wengi hupoteza haki yao kwa kuchelewa tu.

Nyumba nzima iweke akiba wakati wa mavuno, katika chama cha akiba na mikopo au kikundi cha jirani, ili siku ya ugonjwa iwakute na cha kushika. Na Serikali isiache tena viwango vya ujira vikae karibu miaka kumi bila kuguswa, wala mafao yasiishie kwa walio na ofisi, huku kibarua wa shambani akibaki nje.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwetu nyumbani, katika mwezi mmoja, ni vitu gani tunavyokula bila kununua? Vingegharimu kiasi gani, na ni nani aliyevilima?

2. Baba au mama akiugua mwezi mmoja, tutaishi kwa nini?

3. Yule kijana atuchungiaye ng'ombe, au yule dada atusaidiaye kazi za nyumbani, je, twamlipa kama ambavyo tungependa mtoto wetu alipwe ugenini?