Kutafuta Hitilafu ya Barua Pepe Ofisini: Zoezi katika Njia ya Sayansi

Utangulizi

"Barua pepe haifunguki." Malalamiko hayo ya maneno matatu husikika katika ofisi, shule na hospitali nyingi, na aghalabu husikika wakati kazi ni ya haraka. Hata hivyo, maneno hayo hayataji ugonjwa. Yanataja dalili tu. Waya uliochomoka, neno la siri lililosahauliwa, sanduku la barua lililojaa, na saa ya kompyuta iliyorudi nyuma miaka kumi, vyote humwonyesha mtumiaji jambo lile lile: barua hazionekani.

Mtu asiye na utaratibu huanza kugusa kila kitu. Huzima na kuwasha, hufuta na kuandika upya, hubadili mambo matano kwa mara moja. Ikitokea kwamba barua zimerudi, hajui ni lipi kati ya matano hayo lililoleta nafuu. Na zisiporudi, amekwisha kuongeza hitilafu mpya juu ya ile ya kwanza. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba kazi hiyo yahitaji utaratibu ule ule unaofundishwa katika maabara ya fizikia na kemia: kutazama, kukisia, kujaribu jambo moja moja, na kuandika matokeo.

Safari ya barua

Seva ya barua pepe ni kompyuta inayowashwa usiku na mchana, ikipokea barua na kuzihifadhi hadi wenyewe wazifuate. Kazi yake yafanana na ya Posta. Mwenye sanduku la posta haletewi barua nyumbani. Hana budi kwenda Posta na ufunguo wake. Kuna dirisha la kupeleka barua, na kuna masanduku ya kupokelea. Mambo hayo ni mawili, na moja laweza kuharibika huku la pili likiwa zima.

Vivyo hivyo kwa seva. Kupeleka barua hufuata itifaki iitwayo SMTP, ambayo maelezo yake yaliandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982. Kusoma barua hufuata itifaki nyingine, kama vile IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la kumwuliza mlalamikaji ni hili: je, kinachoshindikana ni kusoma, kupeleka, au vyote viwili?

Kati ya mtumiaji na barua zake kuna mnyororo wenye pingili nane:

1. Waya, au mawimbi ya redio, yanayoiunganisha kompyuta na mtandao wa ofisi.
2. Anwani ya tarakimu ambayo kompyuta hupewa na mtandao.
3. Ruta, yaani mtambo unaopitisha habari kutoka ofisini kwenda nje.
4. Mfumo wa majina, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ambao hugeuza jina la seva kuwa anwani ya tarakimu.
5. Mlango wa huduma. Seva moja ina milango mingi yenye nambari; wa kusomea kwa IMAP aghalabu ni 993, na wa kupelekea barua ni 587 au 465.
6. Mapatano ya usiri, ambapo seva huonyesha cheti chake, na pande mbili hukubaliana jinsi ya kuyaficha maneno yao wasomaji wengine wasiyaelewe.
7. Jina la mtumiaji na neno lake la siri.
8. Sanduku la barua lenyewe, ambalo laweza kuwa limejaa au limefungwa.

Pingili moja ikikatika, mnyororo mzima haufai.

Jaribio la watu wawili na kompyuta mbili

Kabla ya kuigusa pingili yoyote, yafaa kujua hitilafu inamfuata nani. Na ichukuliwe kwamba karani hawezi kusoma barua zake, na katika chumba hicho hicho yumo mhasibu. Karani aende kwenye kompyuta ya mhasibu akafungue sanduku lake, naye mhasibu aje kwenye kompyuta ya karani akafungue lake. Kila mmoja aandike neno lake la siri mwenyewe, bila kumtajia mwenziwe.

Ikiwa karani anashindwa kwenye kompyuta zote mbili, na mhasibu anafaulu kwenye zote mbili, hitilafu inamfuata mtu: itafutwe katika pingili ya saba na ya nane. Ikiwa wote wawili wanashindwa kwenye kompyuta ya karani na kufaulu kwenye ya mhasibu, hitilafu imo katika mashine ile. Ikiwa wote wanashindwa kila mahali, hitilafu imo katika kitu wanachokitumia pamoja, nacho ni ruta, mfumo wa majina au seva yenyewe.

Liko tokeo la nne ambalo wengi hulisahau: karani hushindwa kwenye kompyuta yake peke yake, ilhali mhasibu hufaulu hata kwenye kompyuta hiyo. Hapo mtu ni mzima na mashine ni nzima, lakini wakikutana hawapatani. Mara nyingi sababu ni neno la siri la zamani lililohifadhiwa ndani ya programu ya kompyuta ile. Simu ya mkononi nayo huleta taabu ya namna hiyo: mtumiaji amebadili neno la siri ofisini, lakini simu yake mfukoni yaendelea kubisha hodi kwa neno la zamani, hata seva ikalifunga sanduku kwa kudhani kwamba mwizi anajaribu kuingia.

Kuugawa mnyororo

Anayezikagua pingili nane moja baada ya nyingine aweza kulazimika kufanya majaribio saba. Lakini akianzia katikati, kila jibu humwondolea nusu ya kazi: pingili nane huwa nne, nne huwa mbili, na mbili huwa moja. Majaribio matatu yanatosha, kwa kuwa 2 × 2 × 2 = 8. Mnyororo ungekuwa na pingili 1,024, majaribio kumi yangetosha.

Jaribio la katikati laweza kufanywa kwa amri iitwayo ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983. Mtu huandika amri hiyo pamoja na jina la seva. Kompyuta ikionyesha anwani ya tarakimu ya seva hiyo na majibu yakarudi, pingili nne za kwanza ni nzima, na hitilafu itafutwe kuanzia ya tano. Jina lisipogeuka kuwa tarakimu, itafutwe katika nne za kwanza.

Katika nusu ya kwanza, jaribio la pili ni kuitazama anwani ya kompyuta yenyewe. Anwani inayoanza na 169.254 ni dalili kwamba kompyuta iliomba anwani katika mtandao, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Basi pingili ya kwanza na ya pili ndizo zenye shaka. Katika nusu ya mwisho, jaribio la pili ni kutazama kama seva imefika hatua ya kulikataa neno la siri. Ikiwa imelikataa, basi mlango ulifunguka na mapatano ya usiri yalifanyika, kwa maana haiwezekani kukataliwa na mtu ambaye hukumfikia.

Tahadhari mbili zatakiwa. Kwanza, ukimya si ushahidi. Seva nyingi zimeamriwa zisijibu ping kwa ajili ya usalama, hata kama zinafanya kazi vizuri. Pili, kompyuta huyakumbuka majina iliyoyauliza hapo kabla. Yaweza kutoa anwani kutoka katika kumbukumbu yake ingawa mfumo wa majina umekatika wakati huo.

Majibu ya seva

Mtumiaji akisema, "Imeleta maneno fulani, nikayafunga," amefunga ushahidi. Maneno yale yaandikwe kama yalivyo. Katika itifaki ya SMTP, kila jibu la seva huanza na nambari ya tarakimu tatu, na tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito: 2 maana yake ni kwamba ombi limekubaliwa, 3, endelea, 4, limekataliwa kwa sasa, jaribu baadaye, 5, limekataliwa kabisa. Kwa mfano, 421 husema kwamba huduma haipatikani kwa wakati huo. 535, kwamba utambulisho wa mtumiaji umekataliwa. 552, kwamba nafasi ya kuhifadhia barua imepitwa. Anayeijua tarakimu ya kwanza hatahangaika na waya wakati seva imemjibu 535.

Saa iliyorudi nyuma

Hitilafu moja yastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu huwapata sana watumiaji wa kompyuta za shule zilizofungiwa wakati wa likizo. Kompyuta ya mezani huhesabu saa na tarehe hata ikiwa imezimwa, ikitumia betri ndogo mfano wa sarafu, yenye volti 3. Betri hiyo ikiisha na umeme ukakatwa, saa husahau siku na kurudi kwenye tarehe ya zamani iliyowekwa kiwandani.

Kwa mtazamo wa kwanza, tarehe haihusiani na barua. Lakini cheti cha seva kimeandikwa siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba mwaka ni 2010 ikionyeshwa cheti kilichoanza mwaka huu, itasema kwamba cheti hicho hakijaanza kutumika, na itakataa kuendelea. Waya ni mzima, neno la siri ni sahihi, seva haina kosa. Kilichokosewa ni kalenda. Ikirekebishwa saa, barua hufunguka. Betri isipobadilishwa, hitilafu itarudi umeme utakapokatika tena.

Hapa faida ya jaribio la watu wawili yadhihirika. Saa mbovu huitesa mashine moja. Cheti cha seva kilichokwisha muda wake huwazuia watu wote kwa dakika moja. Maneno ya onyo yaweza kufanana, lakini mahali pa kuyatibu ni tofauti kabisa.

Tiba inayodhuru

Daktari hatoi dawa kabla ya kupima, kwa kuwa dawa isiyo yake yaweza kuua. Katika kazi hii dawa za namna hiyo ni mbili.

Ya kwanza ni kuzima usiri ili onyo la cheti liondoke. Barua huenda zikafunguka, lakini neno la siri sasa lapita mtandaoni wazi, na yeyote aliye njiani aweza kulisoma. Pia onyo lile huenda lilikuwa la kweli, yaani aliyejibu hakuwa seva halisi.

Ya pili ni kuifuta akaunti katika programu na kuiandika upya. Kwa IMAP, barua zimo katika seva na zitarudi. Lakini kwa itifaki ya POP, iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka 1984, barua aghalabu huchukuliwa kutoka katika seva na kubaki katika kompyuta ya mtumiaji peke yake. Akaunti ikifutwa pamoja na barua zake, mikataba na kumbukumbu za miaka hupotea, na chanzo kikiwa neno la siri lililokosewa herufi moja.

Hitimisho

Hitilafu itafutwe kabla ya kutibiwa. Libadilishwe jambo moja kwa wakati mmoja. Na lisiposaidia, lirudishwe lilivyokuwa kabla ya kujaribu lingine. Mtumiaji naye asidharauliwe. Anapoulizwa ni nini kilichobadilika tangu jana, jibu lake mara nyingi huwa na thamani kuliko majaribio mengi, na kuuliza si ujinga.

Maswali na mazoezi

1. Wafanyakazi wote wanasoma barua, lakini hakuna anayeweza kupeleka. Ni pingili zipi zinazoweza kuondolewa katika shaka, na kwa nini?
2. Ping haikujibiwa, lakini mtumiaji anasoma barua zake bila taabu. Eleza.
3. Mnyororo una pingili 32. Yahitajika majaribio mangapi kwa njia ya kugawa katikati?
4. Kwa ruhusa ya mwalimu, wanafunzi wawili waiharibu njia ya mtandao wa darasa kwa jambo moja dogo, kama kuchomoa waya au kubadili tarehe. Wenzao waitafute hitilafu hiyo kwa majaribio machache iwezekanavyo, wakiandika kila jaribio na tokeo lake.