KARIAKOO: JINA LA SOKO AU KUMBUKUMBU YA WAFU?
(Makala ya Historia na Lugha, na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu)

Utangulizi

  Leo nina jambo ambalo limenikaa rohoni tangu muhula uliopita, nami nimeona nisilifiche, kwani wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Tulikuwa tunasoma Vita Vikuu vya Kwanza katika somo la Historia. Mwalimu akauliza, "Nani kati yenu ana jamaa aliyekwenda katika vita hivyo?" Darasa zima kimya. Wengine wetu tulicheka kichinichini. Ati vita vya Wazungu huko Ulaya, sisi watu wa Nyanza Kusini vinatuhusu nini?

Jioni nilipofika nyumbani nikamtupia nyanya swali lile lile, kwa mzaha tu. Hakucheka. Alininyoshea kidole kando ya boma, karibu na ua wa makonge, akasema, "Nyakwara, pale amezikwa babu ya babu yako. Lakini ukichimba hutapata mfupa hata mmoja."

Nilishangaa. Kaburi lisilo na mfupa ni kaburi gani? Nitarudi kwa jambo hilo. Kwanza hebu tujifunze jinsi vita vilivyofika hapa kwetu.

Vita vyabisha hodi nyumbani

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Kenya iliitwa Afrika Mashariki ya Kiingereza, na Tanganyika ilikuwa ya Mjerumani. Mpaka kati ya tawala hizo mbili ulipita pale pale unapopita leo, kusini mwa Migori, karibu na Isebania. Wakuria walikuwa wamekwisha kugawanywa na mpaka huo. Ndugu mmoja alikuwa mtu wa Mwingereza, na ndugu wa pili mtu wa Mjerumani, bila wao wenyewe kuulizwa.

Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka. Waliikalia Karungu, bandari ndogo ya Ziwa Viktoria iliyoko sasa katika Kaunti ya Migori, na pia wakauteka mji wa Kisii. Wakati huo Kisii ndiyo yaliyokuwa makao makuu ya wilaya ya Kavirondo Kusini, na wilaya hiyo ilijumuisha sehemu tunazoziita leo Homa Bay na Migori. Tarehe 12 Septemba askari wa Mwingereza walipigana na Wajerumani pale Kisii, na Wajerumani wakarudi kwao.

Mambo hayakuishia hapo. Wagusii walipouona mji umeachwa mtupu, wengi walidhani Wazungu wamekwenda zao kabisa. Wakaingia na kuchukua mali. Serikali iliporudi ikawaadhibu: nyumba zilichomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Tazama basi, msomaji. Mjerumani kapiga, Mwingereza kapiga, lakini aliyechomewa nyumba ni nani? Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.

Kwa nini watu na siyo punda?

Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa zaidi katika nchi isiyokuwa na barabara wala reli za kutosha. Punda, farasi na maksai waliletwa, lakini mbung'o waliwamaliza. Magari nayo yalikuwa machache, na mvua ikinyesha yalikwama matopeni. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya Mwafrika. Risasi, unga, mahema, dawa na hata sehemu za mizinga zilibebwa na watu kwa miguu mamia ya maili.

Watu hawa waliitwa wapagazi, na kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu wetu ililigeuza jina hilo likawa "Kariakoo". Kambi yao ya Nairobi ndiyo iliyoupa mtaa wa Kariokor jina lake. Huko Dar es Salaam nako, baada ya Mwingereza kuuteka mji mwaka 1916, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi pakaitwa Kariakoo, na sasa ndipo palipo na soko kubwa linalojulikana Afrika Mashariki nzima. Kumbe mtu anaponunua viatu Kariakoo huwa analitaja jina la watu wale bila kujua!

Mwanzoni baadhi ya watu walijiandikisha kwa hiari ili wapate fedha za kodi. Habari za vifo zilipoenea, hiari ikaisha. Mwaka 1915 serikali ikatunga sheria ya kuwachukua watu kwa lazima. Mwaka 1917 ukawa mbaya zaidi, kwani jeshi lilitaka watu wengi kwa mara moja, na Nyanza, kwa kuwa ilikuwa na watu wengi, ilitoa sehemu kubwa sana. Machifu waliambiwa idadi wanayotakiwa kuleta. Chifu naye aliogopa kupoteza cheo, basi akawatuma watu wake usiku. Mara nyingi waliokamatwa ni wale wasio na mtetezi: maskini, yatima, na watu wa koo ndogo.

Kilichowaua

Msomaji pengine atadhani watu hawa waliuawa kwa risasi. La hasha! Wengi waliuawa na tumbo. Mtu aliyezoea wimbi, mtama na samaki alipewa unga mgeni kwake, na baada ya kutembea kutwa nzima na mzigo kichwani hakuwa na muda wala kuni za kuupika vizuri. Aliula ukiwa mbichi nusu. Kuhara damu kukawashika. Walipopanda milimani, baridi na homa ya mapafu ikawashika. Walipoteremka mabondeni, malaria ikawashika. Nguo zilikuwa haba na madaktari walikuwa wachache.

Inakadiriwa kwamba Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika katika vita hivi. Waliokufa huhesabiwa kuwa zaidi ya 95,000, na kati yao zaidi ya 40,000 walitoka Kenya. Hawa hawakushika bunduki. Hawakuwa na ugomvi na Mjerumani. Wengi wao hawakuwa wamewahi hata kumwona.

Vita vyenyewe vilikwisha kuchelewa. Ulaya walinyamazisha bunduki tarehe 11 Novemba 1918, lakini Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala nchini Zambia. Na waliobaki hai waliporudi nyumbani walikuta njaa ya mwaka 1918 na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima.

Je, hakuna aliyekataa?

Hili ni swali ambalo wenzangu waliniuliza nilipowasimulia. Walikuwako. Hawakubeba mabango barabarani kama wapinga vita wa siku hizi, lakini walikataa kwa njia zao. Wengine walilala porini ili watu wa chifu wakija wakute nyumba tupu. Wengine walikamatwa, wakatoroka njiani, wakarudi.

Wengine walikataa kwa imani. Mwaka 1913, huko Alego, mtu mmoja aitwaye Onyango Dunde alisema kwamba nyoka mkubwa wa ziwani aitwaye Mumbo alimmeza, akamtema, kisha akampa ujumbe: Wazungu wataondoka katika nchi hii. Imani hiyo ikaenea hadi huku Kavirondo Kusini, kwa Wajaluo na kwa Wagusii, hasa miaka ya vita. Serikali iliwaandama wafuasi wake, na baadhi ya viongozi wakahamishwa hadi Lamu, mbali kabisa na ziwa lao. Mimi sisemi kwamba nyoka alisema kweli au hakusema. Ninalosema ni kwamba watu walikuwa wamechoka, na mtu aliyechoka hutafuta sauti ya kusemea.

Mawe yenye majina na mawe yasiyo na majina

Vita vilipokuwa vikiendelea, mwaka 1917, Uingereza iliunda tume ya kutunza makaburi ya wafu wa vita. Kanuni yake ilikuwa nzuri: wote waliokufa wakumbukwe sawasawa, mkubwa kwa mdogo. Huko Ulaya askari alichongewa jiwe lenye jina lake, au jina lake likachongwa kwenye mnara wa kumbukumbu. Lakini wapagazi wa Afrika Mashariki hawakuchongewa. Nairobi, kwenye barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, kuna sanamu ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ni sanamu nzuri, lakini haina jina hata moja.

Wakubwa walisema majina hayajulikani. Hapo ndipo nami nashika kichwa! Mbona mara tu baada ya vita, kuanzia mwaka 1919, serikali iyo hiyo iliweza kuwaandika wanaume wa nchi hii na kuwavalisha kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati? Ilipotaka kazi na kodi ilijua kuandika majina yetu. Ilipotakiwa kutukumbuka ikasema haijui.

Haki huchelewa, lakini wako watu wanaoifuata. Mwaka 2019 mbunge mmoja wa Uingereza, David Lammy, alionyesha katika filamu ya televisheni jinsi makaburi ya wapagazi yalivyosahauliwa katika Kenya na Tanzania. Tume ile ya makaburi ikafanya uchunguzi, na mwezi wa Aprili 2021 ikatoa ripoti. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Mgala muue na haki mpe: kukiri kosa baada ya miaka mia moja si jambo dogo. Lakini radhi haimtaji mtu kwa jina lake.

Tunda la yago

Sasa turudi kwa nyanya. Kwetu sisi Wajaluo, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, kwa mfano akizama ziwani au akifia ugenini, jamaa hawaachi hivi hivi. Huchukua tunda la yago, ule mti wenye matunda marefu mazito yaning'iniayo, ambao kwa Kiswahili huitwa mwegea. Tunda hilo huzikwa badala ya mwili, na watu hulia kama matanga mengine. Mtu amerudi nyumbani.

Nyanya aliniambia kwamba babu ya babu alichukuliwa usiku, akaacha mke na mtoto anayetambaa. Mke alingoja. Wenzake wawili waliochukuliwa naye walirudi, wakakaa kimya. Kimya chao ndicho kilichokuwa habari. Ndipo wazee wakazika yago kando ya boma. Nyanya alipoolewa, mama mkwe wake alimwonyesha mahali pale na kumwambia jina, akamkataza asipalime.

Nikamwuliza, "Nyanya, mbona hukuwahi kuniambia?"

Akanijibu, "Hukuwahi kuuliza."

Ndugu msomaji, jibu hilo lilinichoma. Familia maskini isiyojua kusoma wala kuandika ilifanya kile ambacho dola kubwa yenye makarani wengi ilishindwa kufanya. Ilimkumbuka mtu mmoja kwa jina lake zaidi ya miaka mia. Na mimi niliyesoma mpaka Kidato cha Tatu nilikuwa karibu kulipoteza jina hilo kwa kicheko cha darasani.

Hitimisho

Kupinga vita si lazima kwenda Nairobi kuandamana. Wenye kutaka vita hupenda hesabu, kwa sababu hesabu haina mama wala mtoto. Anayepinga vita humtaja mtu. Ukijua jina la aliyekufa, na aliyeachwa akilia, huwezi kuvishangilia vita kwa wepesi, viwe vya zamani au vya leo.

Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Kila jioni tunarudi nyumbani kwa wazee wetu, jambo ambalo wenzetu wa bweni hawalipati. Basi leo ukifika nyumbani, kabla ya kufungua daftari, muulize nyanya au babu: Nani wa kwetu alichukuliwa? Andika jina, kijiji, na yale yanayokumbukwa. Mlete kwa chama chetu. Napendekeza toleo lijalo la jarida hili liwe na ukurasa mmoja wa majina tu. Tusingoje, kwani wazee nao wanatuaga mmoja mmoja.

Mimi nimekwisha kuandika langu. Safari hii ni katika daftari. Toleo lijalo, panapo majaliwa, litakuwa la kwanza katika ukurasa huo.

Msamiati

Mpagazi: mtu abebaye mizigo safarini kwa ujira au kwa kulazimishwa.
Mbung'o: nzi mkubwa anayeambukiza wanyama na watu maradhi ya malale.
Maksai: ng'ombe dume aliyehasiwa.
Kipande: cheti cha kazi ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kuwa nacho wakati wa ukoloni.
Nyakwara: (Kijaluo) mjukuu wangu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza asili ya jina Kariakoo.
2. Taja sababu mbili zilizofanya watu watumiwe kubeba mizigo badala ya wanyama.
3. "Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi." Onyesha jinsi methali hii inavyoafikiana na mambo yaliyotokea Kisii mwaka 1914.
4. Je, unakubaliana na mwandishi kwamba kumtaja mtu kwa jina ni njia ya kupinga vita? Toa sababu zako.
5. Andika insha fupi juu ya mtu mmoja wa ukoo wako ambaye hakurudi nyumbani.