Fahrenheit au Ombré Leather: Lipi la Kila Siku?

Fahrenheit ya Dior ilitoka mwaka 1988, Ombré Leather ya Tom Ford mwaka 2018. Manukato yote mawili yananukia ngozi na mbao, ila hayafai mazingira mamoja.

Swali: Je, harufu hiyo ya ngozi hukamuliwa kwenye ngozi kweli?

Jibu: Hapana. Watengenezaji huiunda, mara nyingi kwa kemikali za jamii ya kwinolini, au kwa lami ya mti wa betula, ambayo Warusi walikuwa wakiipaka ngozi za viatu ili zisipenyeze maji.

Swali: Puani yanatofautianaje?

Jibu: Fahrenheit huanza kwa ukali. Majani ya violeti, mabichi, hukutana na ngozi, na watu wengi husikia petroli. Ikishatulia hubaki mwerezi na vetiva, harufu kavu. Ombré Leather hutanguliza iliki, kisha ngozi hujitokeza waziwazi kama koti jipya dukani. Ndani yake mna asumini, ua lile lile la vikuba vya Unguja, na pachuli ya kuipa uzito.

Swali: Nafanya kazi Dar es Salaam na napanda daladala. Nichukue lipi?

Jibu: Fahrenheit, iwapo petroli haikukeri. Jasho na joto huyarusha manukato haraka, na lililo tamu na zito humfikia jirani kabla hujaketi. Isitoshe, Fahrenheit ya kawaida ni eau de toilette, ambayo kwa kawaida huwa na mafuta ya manukato machache kuliko eau de parfum kama Ombré Leather. Anayeshinda kwenye kiyoyozi, au anayeishi Arusha au Limuru kwenye baridi ya Julai, atafaidi zaidi Ombré Leather.

Swali: Nipulize mara ngapi?

Jibu: Fahrenheit mara tatu, Ombré Leather mara mbili, kifuani chini ya shati. Baada ya muda pua yako huizoea harufu na utadhani imekwisha. Muulize mwenzako kabla ya kuongeza. Usipulize juu ya kanzu nyeupe, huenda ikaacha doa.

Swali: Nijaribuje kabla ya kutoa pesa?

Jibu: Kikaratasi cha dukani hakitoshi. Weka moja mkono wa kulia, jingine wa kushoto, kisha nenda kwenye shughuli zako. Harufu utakayoishi nayo ni ile ya saa tatu baadaye, si ya dakika ya kwanza. Ukirudi kununua, linganisha namba ya toleo iliyo chini ya chupa na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisha. Zikilingana, bado nunua kwa muuzaji unayemwamini, maana waghushi nao hujua kunakili namba.

Swali: Bajeti yangu ni ndogo.

Jibu: Kwa ujazo ule ule, Fahrenheit kwa kawaida ni nafuu. Ihifadhi kabatini, si bafuni wala garini: mwanga na joto huharibu manukato ya bei yoyote.