SOMO LA MISITU: KUTOKA MAGAMBA MPAKA IRENTE

Kundi la watu wakitembea pamoja kwa miguu, kwa kutazama na kuulizana, hujifunza kwa siku moja mambo mengi juu ya nchi yao. Leo twawaongoza wasomaji wetu katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Kila mmoja achukue chakula chake, na kundi lichukue chupa mbili tupu.

1. NDANI YA MSITU. Twaanza asubuhi katika msitu wa Magamba. Mbega warukaruka juu ya miti mikubwa, kama vile mkulo. Fukueni kidogo kwa mkono: juu mna majani makavu, chini yake majani yaliyooza, kisha udongo mweusi ulio laini. Hiyo ndiyo ghala ya maji. Mvua ikinyesha, majani ya miti huyavunja matone nguvu, nayo ardhi huyanywa polepole. Baadaye maji hutoka chini kwa chemchemi, hata wakati wa kiangazi. Jazeni chupa ya kwanza kijitoni.

2. NJE YA MSITU. Ghafula miti yakoma, na mashamba ya mahindi, maharagwe na viazi yashuka kwenye mteremko mkali. Tusimlaumu mkulima upesi. Watu wameongezeka, ardhi haikuongezeka, na kuni lazima zipatikane. Wala si yeye peke yake aliyekata: kabla ya vita vya 1914 Wadachi walijenga njia ya kamba za chuma toka Shume mpaka Mkumbara, ili kuteremsha mbao relini. Lakini tazameni: mvua hapa haikuta kizuizi, hukimbia na kuchimba makorongo. Jazeni chupa ya pili katika mfereji wa shamba baada ya mvua. Ziwekeni zote mbili usiku kucha. Udongo utakaotulia chini ya chupa ya pili ndio shamba la mtu, nao haurudi.

3. IRENTE. Kutoka mwambani twaona chini tambarare kavu ya Mazinde na mashamba ya mkonge. Watu wa chini hutegemea maji ya milima. Vivyo hivyo mto Umba huanzia katika msitu wa Shagayu, upande wa Mlalo, ukaenda mpaka baharini. Basi akataye mti wa chemchemi hukata maji ya jirani asiyemjua.

4. DAWA YAKE. Mwaka 1946 Serikali ya wakati ule ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na watu wakalazimishwa kulima matuta. Kazi ilikuwa nzito, faida haikuonekana upesi, watu wakaichukia, na katika miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Ubaya haukuwa wa tuta, bali wa kulazimishana. Mtu hulinda kile ambacho faida yake aiona: majani ya tembo yapandwe ukingoni mwa matuta yakinge udongo na kulisha ng'ombe, migrivea ipandwe shambani itoe kuni na mbao, miti ya chemchemi iachwe kabisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI

1. Kwa nini kijito cha msituni hakikauki upesi?
2. Katika kijiji chenu, chemchemi ipi imekauka, na juu yake palikuwa na miti gani?
3. Ni nani apaswaye kuanza kupanda?