Linux Ndani ya Windows, Bila Kufuta Kitu

Anayesakinisha Linux Mint lazima apite ukurasa mmoja unaotoa jasho: ule wenye chaguo la kufuta diski nzima. Mara ya kwanza niliachia panya kana kwamba imeniuma. Lakini ndani ya kompyuta pepe, diski inayosemwa pale ni faili tu, moja kati ya faili zako za Windows. Bofya, endelea. Picha zako za harusi ziko palepale.

Kompyuta pepe ni programu inayojifanya mashine kamili, yenye memori, diski na skrini yake, vyote vimemegwa kutoka kwenye laptopu yako. VirtualBox ya Oracle ni programu ya aina hiyo, na inapatikana bure kwenye virtualbox.org. Laptopu ya memori ya GB 8 inatosha: igawie Mint GB 4, prosesa mbili na diski ya GB 30. Hiyo 30 ni kikomo, hailiwi yote siku ya kwanza. Faili huanza ndogo, ikakua kadiri unavyoijaza. Mwenye memori ya GB 4 tu asijitese, nitamrudia.

Kwanza fungua Task Manager, uangalie taarifa za prosesa. Ukikuta Virtualization imeandikwa Disabled, washa mashine upya, ingia kwenye BIOS (F2, F10 au Delete, kutegemea kiwanda) na uwashe kipengele cha VT-x au SVM. Kikiwa kimezimwa, kompyuta pepe hukataa kuwaka, na VirtualBox hulaumiwa bure.

Sasa faili ya kusakinishia, yaani ISO. Ichukue linuxmint.com, na uandae bando la karibu GB 3. Ukipewa kwenye flashi, shukuru, kisha ikague. Hata ya kupakua mwenyewe ikague. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe, wakageuza kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon ili kiwapeleke watu kwenye ISO iliyopandikizwa programu ya kuwafungulia njia ya siri. Aliyepakua siku hiyo hakuona tofauti yoyote kwa macho.

Ukaguzi ni wa mstari mmoja. Fungua PowerShell kwenye folda yenye faili hiyo, uandike:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Weka jina halisi la faili yako. Utaletewa herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zile zilizochapishwa na Mint. Ikitofautiana hata moja, futa, pakua tena. Kwa kuwa aliyevamia tovuti anaweza kubadili na hizo 64, Mint huzitia pia saini ya GPG, na anayetaka uhakika zaidi ahakiki saini hiyo.

Kazi iliyobaki ni nyepesi. Katika VirtualBox unda mashine mpya, uielekeze kwenye ISO, na ikijitolea kukusakinishia yenyewe, kataa. Ni bora uchague mwenyewe jina na nywila. Dakika kadhaa baadaye utaambiwa uwashe upya. Ukirudishwa mwanzo kabisa, ISO bado imo kwenye kiendeshi, itoe. Kabla hujaanza kuchokonoa, piga snapshot, ambayo huhifadhi hali ya mashine ilivyo. Ukivuruga, unarudi hapo.

Mwenye memori ndogo, au anayehitaji Linux kwa ajili ya amri tu, kama wanafunzi wengi wa programu, atumie WSL, njia ya Windows yenyewe ya kuendesha Linux, ambayo husakinishwa kwa amri moja katika Windows 11 na Windows 10 kuanzia toleo la 2004. Fungua PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi, andika wsl --install, kisha washa upya, utapata Linux ya Ubuntu. Ukitaka nyingine, wsl --list --online itakuonyesha zilizopo. Ikifunguka itakuomba uunde jina na nywila. Unapoandika nywila hiyo hakuna kitakachotokea kwenye skrini, hata nukta. Kibodi haijafa, andika hadi mwisho, bonyeza Enter.

Ila huku tahadhari inageuka. VirtualBox haigusi faili zako mpaka uiruhusu, lakini WSL inauona mtaa wote: diski C yako iko ndani ya Linux, chini ya /mnt/c. Amri ya kufuta, rm, ikipita huko, zile picha za harusi usizitafute kwenye pipa la taka la Windows. Hazipiti huko.