Somo la Safari Ndefu: Kutoka Dzaleka mpaka Songwe



Mwalimu wetu wa Jiografia alitufundisha kupima njia kwa uzi. Unaulaza uzi juu ya ramani, unafuata kila pindo la barabara, kisha unaunyosha uzi juu ya kipimo cha chini ya ramani na kusoma kilometa. Likizo ya mwezi wa Desemba 2024 nalipima hivyo njia ya kutoka Dzaleka mpaka mto Songwe, mpakani mwa Malawi na Tanzania. Nalipata kama kilometa 600. Hesabu ile haikuwa mbaya. Walakini yako mambo ambayo uzi hauyaonyeshi, na hayo ndiyo nitakayoeleza hapa, pamoja na kosa langu mwenyewe.

SABABU YA SAFARI

Wasioijua Dzaleka yafaa waambiwe. Ipo wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe, mwendo wa chini ya saa moja na nusu kwa gari. Zamani ilikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mahali palitengenezwa kwa watu kama elfu kumi au kumi na mbili. Leo wamepita 50,000. Kwa hiyo kila kitu ni cha kupanga mstari, na maji kuliko vyote.

Jamaa yetu tulifika hapo mwaka 2012, nami ni mtoto mdogo. Siku tulipoondoka Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, Bibi aliagana na ndugu yake mdogo pwani. Yeye alibaki, na baadaye akavuka kwenda Kigoma. Miaka kumi na miwili hawakuonana. Basi akatuma habari ya kuwa atasafiri kwa mabasi, Kigoma, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma na Mbeya, afike mpakani na kuvuka upande wa Malawi kwa siku moja tu. Bibi hana hati ya kuvuka kwenda upande wa pili, tena miguu yake si ya kusafiri kwa basi. Baba, ambaye ni fundi cherehani, akatoa akiba yake akakodi gari dogo la abiria la jirani yetu Mmalawi. Tukawa watu wanane: Bibi, Baba, Mama, mimi, wadogo zangu watatu, na dereva, ambaye sisi sote twamwita Achimwene, maana yake kaka.

MATAYARISHO

Safari ndefu yataka vitu vinne kabla ya kuwasha gari: hati, mafuta, maji, na hesabu ya saa.

Hati. Mkimbizi katika Malawi hatoki makazini kwenda mbali pasipo kibali. Baba alianza kukitafuta majuma matatu mbele, naye akakipata cha siku tatu. Yapasa majina yote yaandikwe, hata ya watoto, kwa kuwa njiani mna vizuizi vya polisi, na jina moja likikosa safari yote husimama.

Mafuta. Mwezi ule petroli ilikuwa shida nchini mote. Mimi na Achimwene tulishuka Lilongwe siku mbili kabla ya safari, tukalala foleni ndani ya gari karibu na Mji wa Kale, tukapata mafuta asubuhi. Tulipokuwa tukingoja nalikumbuka ya kuwa mji huu ulifanywa makao makuu ya nchi mwaka 1975, badala ya Zomba, kwa sababu uko katikati ya nchi. Ndiyo sababu pia barabara kuu, iitwayo M1, inayotoka Songwe kaskazini mpaka mpaka wa Msumbiji kusini, hupita hapo.

Maji. Kazi hii nalipewa mimi. Baba aliniambia: "Jaza madumu mawili, moja la watu na moja la gari." Jioni ile foleni ya bomba ilikuwa ndefu mno. Nalijaza dumu moja, nikaona giza limeingia, nikajiambia moyoni, "Njia ina mito mingi, moja latosha." Dumu la pili nalilipakia tupu chini ya kiti. Wala sikumwambia mtu.

Hesabu ya saa. Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kilometa 600, mwendo wa kilometa 60 kwa saa, ni saa kumi za mwendo. Ongeza saa moja ya kupumzika. Tukiondoka saa kumi alfajiri tutafika saa tisa mchana. Basi dogo la mwisho la kumrudisha Babu Mbeya lilikuwa liondoke saa moja ya jioni. Hapa angalieni sana, maana wengi hukosea: saa za Tanzania zimetangulia za Malawi kwa saa moja. Saa moja ya kwao ni saa kumi na mbili ya kwetu. Kwa hiyo Bibi angekuwa na saa tatu kamili za kukaa na ndugu yake.

NJIA YENYEWE

Tuliondoka gizani. Kulipopambazuka tulikuwa tumepita Mponela, tukafika Kasungu, nchi ya tambarare ya mashamba ya tumbaku na mahindi. Watoto walikunywa maji, wakanawa, wakatapika, wakanawa tena. Nalisikia dumu likiwa jepesi, nikanyamaza.

Baada ya Jenda, mahali ambapo barabara yapita kando kabisa ya mpaka wa Zambia, njia huanza kupanda milima ya Viphya. Huko ndiko msitu wa Chikangawa, msitu mkubwa wa misonobari iliyopandwa na watu. Ndio msitu ule ilipoanguka ndege tarehe 10 Juni 2024, wakafa watu tisa, akiwamo Makamu wa Rais Saulos Chilima. Mama alituambia tunyamaze kidogo tulipoingia, nasi tukanyamaza.

Katika kile kimya ndipo tuliposikia sauti ya maji yachemkayo. Mshale wa joto ulikuwa umefika juu kabisa. Achimwene akasimamisha gari. Ilikuwa saa mbili u nusu asubuhi.

KWA NINI GARI HUCHEMKA

Hapa tutoke kidogo katika hadithi tuingie katika Fizikia. Mafuta yakiungua ndani ya injini hutoa joto jingi kuliko nguvu itumikayo kusukuma magurudumu. Joto hilo hubebwa na maji yazungukayo katika injini, yakaenda kwenye rejeta iliyo mbele ya gari, na huko upepo huyapoza. Gari lenye mzigo likipanda mlima hufanya kazi kubwa, joto huzidi; na kwa kuwa laenda polepole, upepo nao hupungua. Kama maji yamepungua pia, injini haina mponyaji.

Jambo la pili: maji ya rejeta yamefungiwa kwa mkazo, kwa hiyo yaweza kupita joto la digrii 100 pasipo kuchemka. Ukifungua kifuniko, mkazo huondoka ghafula, na maji yale hugeuka mvuke mara moja na kuruka usoni. Mimi sikulijua hilo. Nalikuwa nimekwisha kushika kifuniko kwa kitambaa, nipate kulipa kosa langu kwa haraka, niliposikia mtu akipiga kelele kwa Kiswahili, "Acha, kijana! Acha!"

Alikuwa dereva wa lori la mizigo litokalo Dar es Salaam, maana malori ya bandari ile hupita njia hii siku zote. Alisimama, akakata matawi ya miti, akayaweka barabarani mbele na nyuma ya gari letu ili wapitao waonywe, kisha akatuambia tungoje mpaka tuweze kuweka kiganja juu ya kifuniko pasipo kuungua. Akauliza, "Maji yako wapi?"

Baba akanitazama. Nalitoa dumu la kwanza, lilikuwa na maji ya kujaza kikombe. Nalitoa la pili. Nalisema, "Labda limevuja." Uwongo huo ndio unaonichoma mpaka leo kuliko ile foleni.

Lori lilikuwa na maji kidogo, akatupa lita tano, akaenda zake. Hazikutosha. Mimi na Achimwene tulishuka bondeni kutafuta kijito, tukapanda tena na dumu kichwani. Mpaka injini kupoa, na maji kuingizwa kidogo kidogo injini ikiwa yaunguruma, saa zilikuwa tano u nusu. Saa tatu zimekwenda.

KUSHUKA ZIWANI

Hatukusimama Mzuzu. Tulipita njia panda ya Rumphi, tukafuata bonde la mto Rukuru wa Kusini, ndipo tukafika mteremko wa Chiweta. Hapo barabara yashuka kwa mapindo makali kutoka nyanda za juu mpaka Ziwa Malawi, ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita Nyasa. Ukumbuke ya kuwa Viphya imepita meta 1,500 juu ya bahari, na ziwa halifiki meta 500. Katika kushuka, dereva mwema hatumii breki peke yake, kwa maana breki hugeuza mwendo kuwa joto, na zikipata moto sana hazishiki. Yeye huingiza gia ndogo, injini yenyewe ikalizuia gari. Achimwene alifanya hivyo, ingawa Baba alikuwa akiitazama saa.

Juu ya milima ile, upande wa kushoto, ipo Livingstonia, misheni ya Waskoti iliyohamia huko mwaka 1894 chini ya Robert Laws. Na mbele ni Karonga. Msidhani Kiswahili ni kigeni huko. Mlozi, mfanya biashara wa Waswahili aliyekuwa na ngome karibu na Karonga, alipigana na Kampuni ya Maziwa tangu mwaka 1887, na mwaka 1895 Waingereza walimshinda wakamnyonga. Biashara yake ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa, hatumsifu. Lakini lugha ilikuwako kabla yetu sisi wakimbizi.

Tulifika Songwe saa kumi na moja u nusu.

Babu alikuwa ameketi juu ya kidebe cha mawese alichomletea dada yake. Walishikana mikono, wakakaa chini ya mti. Bibi alikuwa amenitajia maswali yake nyumbani, mmoja mmoja kwa vidole: ni nani yu hai, ni nani amekufa, kaburi la mama yao linatunzwa na nani, shamba limechukuliwa na nani, na kwa nini hakuandika miaka ile mitatu. Aliuliza la kwanza na la pili. Habari ya wafu ilipokuwa haijaisha, saa ikatimia, Babu akaondoka. Nusu saa, badala ya saa tatu.

YALE TULIYOJIFUNZA

Usiku tulilala Karonga. Nalimwambia Baba ukweli wa dumu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Kuchoka foleni si dhambi. Ungaliniambia alfajiri, tungalingoja bomba nusu saa. Hukuniambia." Bibi alikuwa akisikia, wala hakusema neno. Asubuhi aliniita nimsaidie kupakia kidebe cha mawese, kama siku zote.

Mwenzangu mmoja ambaye jamaa yake walihamishiwa Australia aliniandikia habari za barabara za huko. Iko moja iitwayo Stuart, kutoka Port Augusta mpaka Darwin, zaidi ya kilometa 2,700, ikipita katikati ya nchi kavu. Imepewa jina la John McDouall Stuart, aliyefika pwani ya kaskazini mwaka 1862. Jamaa zisafirizo huko hufundishwa hivi: chukua maji ya akiba, mwambie mtu njia yako na saa ya kufika, gari likiharibika usiliache ukaenda kwa miguu, kwa maana gari huonekana kutoka mbali na mtu haonekani, usiendeshe jioni wala alfajiri wanyama wanapovuka. Sisi tuna vijiji na vijito, na malori yenye watu wema. Lakini kanuni ni zile zile, nami naongeza ya tano: aliyepewa kazi na hakuitimiza, aseme kabla gari halijawashwa. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Katika jamaa, mguu uotao tende mara nyingi ni wa mwingine.

Babu ameahidi kuja tena. Baba ameanza kuweka akiba, na foleni ya bomba nitakaa mimi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gari laondoka Dzaleka saa tisa usiku kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, nalo lapumzika saa mbili. Litafika Songwe saa ngapi kwa saa za Malawi? Na kwa saa za Tanzania?

2. Eleza kwa nini kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa na moto.

3. Pima kwa uzi njia ya kutoka shuleni mpaka kwenu. Kisha andika mambo matatu ambayo uzi haukukuonyesha.