Nani Ndugu wa Karibu wa Sokwe?

Msomaji, mweke sokwe wa Budongo kando ya gorila wa Bwindi: macho yatakuambia hao ndio ndugu, na binadamu ni wa mbali. Macho yanadanganya. Wataalamu hulinganisha jeni, yaani maandishi ya urithi yaliyomo mwilini. Badiliko walilo nalo wawili, na wa tatu akalikosa, huonyesha kuwa wawili hao wana babu wa karibu. Sehemu nyingi za jeni zamweka sokwe karibu na binadamu kuliko gorila.

Lakini si zote! Jeni za gorila zilipotangazwa mwaka 2012, kama sehemu 30 katika kila 100 zilitoa ukoo mwingine: gorila na binadamu, ama gorila na sokwe. Je, ushahidi umevunjika? La. Babu wa wote watatu hakuwa mnyama mmoja bali kundi kubwa, lenye jeni za sura mbalimbali. Ni kama vile wewe na binamu yako mnavyoweza kuirithi pua ya bibi, na ndugu yako wa tumbo moja akaikosa.

Kwa hiyo husomwa maelfu ya jeni, wala zile zinazopingana hazitupwi: kwa wingi wake hukadiriwa ukubwa wa kundi lile la kale.